Mwendo wa Saa Nne Hadi Dar es Salaam

Vijana wenzangu wa kiwanjani, asanteni kwa kuniaga. Hotuba zilikuwa nzuri, hasa ile iliyokuwa ndefu kuliko safari ya ndege ya kwenda Mwanza, na nilifurahi kusikia mambo mengi mema niliyoyafanya ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siyajui. Mmoja wenu aliniomba niandike uzoefu wangu usije ukapotea. Sijui utapotelea wapi, maana mimi nimerudi zangu kijijini Didia na siendi mbali. Lakini mihogo haihitaji kuangaliwa kutwa nzima, basi naandika.

Sitawasimulia nilipandishwa cheo lini. Vyeo vyangu mkivipanga vyote juu ya mizani havimfikii kuku. Nitawasimulia miaka ya mwanzo, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati kiwanja cha ndege cha Shinyanga kilipokuwa uwanja wa majani wenye mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, kibanda kimoja cha bati, na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unakotoka. Nyinyi leo mnalalamika kiti hakizunguki. Sisi kiti kilikuwa kimoja, na kilikuwa cha abiria.

Kazi yangu ya kwanza katika usafiri wa anga ilikuwa kufukuza ng'ombe. Ndege ikisikika upande wa Mwanza, nilikimbia na fimbo nikipiga kelele, na ng'ombe wa Kisukuma, kama mnavyowajua, walinitazama kwanza wakifikiri. Ng'ombe wakishatoka, niliwasha majani mabichi ili rubani aone moshi unalalia wapi. Ndege ikishatua, niligeuka kuwa mtu wa petroli: kusukuma pampu ya mkono, na kuchuja mafuta kwa kipande cha ngozi laini ili maji yasipite. Kisha niligeuka kuwa mtu wa mizani. Mizani tuliazima kwenye kinu cha pamba. Kila abiria alipanda pale pamoja na mizigo yake, na nimewahi kumpima bwana mkubwa mmoja aliyekataa katakata kuteremka mpaka nimwambie mizani ni mbovu. Nilimwambia. Usafiri wa anga unahitaji adabu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Petro Mashauri, Msumbwa wa Ushirombo. Mapadri walimfundisha kusoma, jeshi likamfundisha redio, na vita vya Burma vikamfundisha kutomwamini mtu yeyote asemaye "haichukui muda." Alikuwa mtu wa redio kiwanjani, mpole, mwenye masharubu aliyoyachana kuliko nywele. Sisi vijana tulimwita Baba Veronika, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alinikalisha kando yake miezi mingi, akanivisha vile visikilizio vya masikioni, akanifundisha kuzungumza na marubani bila kupiga kelele. "Masanja," alikuwa akiniambia, "huyo mtu hayuko ng'ambo ya mto. Zungumza kama unaomba chumvi."

Swali alilokuwa akiulizwa Petro kila siku ni moja tu. Abiria akishapimwa, akishakaa, anauliza: Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, na tutafika baada ya saa ngapi? Naye alikuwa na jibu moja, alilipenda sana. "Umbali, uliza ramani. Saa, uliza upepo. Mimi niulize choo kiko wapi."

Watu walicheka. Nami nilicheka kila mara, maana ndiyo kazi ya mwanafunzi.

Bomani hawakucheka. Kulikuwa na bwana mmoja wa Kizungu aliyekabidhiwa kiwanja akisimamie pamoja na visima, mbwa wenye kichaa na makaburi. Tulimwita Bwana Hesabu. Siku moja alikuja na ramani na rula. Akaweka rula Shinyanga, akaishusha Dar es Salaam, akapata maili mia nne na hamsini. Akauliza ndege inakwenda kasi gani, akagawanya, akapata saa nne na furaha tele. Wiki hiyo hiyo fundi rangi akaleta ubao mkubwa, ukapigiliwa ukutani: DAR ES SALAAM, MAILI 450, SAA 4.

"Na upepo, bwana?" Petro akauliza.

"Upepo hauandikiki," akajibu Bwana Hesabu.

Ni kweli. Hauandikiki. Yeye akaenda zake bomani akidhani amemshinda mtu.

Rubani aliyetujia mara nyingi zaidi tulimwita Bwana Labda. Alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye Kiswahili alichojifunzia jikoni na gereji, na ukimwuliza lolote kuhusu muda alijibu hivyo. Utafika jioni? Labda. Mvua itakuzuia? Labda. Alirusha ndege ya injini mbili, yenye mabawa ya juu na ya chini yaliyofungwa kwa nyaya kama kitanda cha kamba. Bwana Hesabu hakumpenda. Alisema mtu asiyejua atafika lini hafai kukabidhiwa chombo. Petro alisema ndiye rubani pekee ambaye yeye angemkabidhi mkewe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Asubuhi moja ya mvua, injini ndogo ya kuchajia betri za redio iligoma. Bolti ilikuwa imeshika kutu. Nilishika spana, Petro akashika nyundo. Alipopiga pigo la tatu au la nne palitoka mlio mdogo, tii, akaacha nyundo akashika uso.

"Kuna kitu kimeniingia," akasema.

Hapakuwa na damu ya kuonekana. Nilimwoshea jicho kwa maji safi, akasema ni sawa, tukaendelea na kazi. Baada ya muda akaniuliza nani anachoma majani, mbona anaona moshi. Hakuna aliyechoma majani. Nilimtazama, nikaona jicho la kulia limekuwa jekundu na mboni imekaa vibaya. Nikampakia nyuma ya baiskeli nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa Mhindi mtaratibu, asiyependa kutisha watu, kwa hiyo alipokunja uso niliogopa. Alimmulika kwa muda mrefu.

"Kipande cha chuma kimepenya, kimo ndani ya jicho," akasema. "Mimi nikijaribu kukitoa nitaharibu kila kitu. Dar es Salaam yupo mtaalamu wa macho, ana sumaku kubwa ya kazi hii hii. Inatakiwa awahi. Likianza kuoza hili, hata lile zima linaweza kufuata."

"Nikae kipofu?" Petro akauliza.

"Ukiwahi, hapana."

"Kuna treni," nikasema.

"Treni haitoki leo. Na safari yote hiyo itamtikisa kichwa, chuma kitembee humo ndani." Akamfunga kitambaa macho yote mawili, kwa sababu, alisema, jicho zima likizunguka linamvuta mwenzake. "Asiiname, asikohoe, asicheke."

"Hilo la kucheka ni rahisi," Petro akasema.

Kulikuwa na ndege siku ile. Mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita ulikuwa umeikodi impeleke meneja wake Dar es Salaam kupanda meli ya likizo, nayo ingetua kwetu kabla ya adhuhuri kuchukua petroli. Nilimwacha Petro hapo hospitali na mkewe, Mama Veronika, aliyekwisha kuitwa, nikaendesha baiskeli hadi bomani.

Bwana Hesabu alinisikiliza vizuri. Alisema amesikitika sana, na nadhani alisikitika kweli, kwa kiasi cha kutosha kwa mtu wa bomani. Lakini ndege ilikuwa ya kukodi, ilikuwa imejaa, na hakukuwa na utaratibu wa kumpakia mtu wa redio. Utaratibu uliokuwapo ulikuwa wa treni, daraja la tatu.

"Treni ni siku mbili, bwana. Ndege ni saa nne," nikamwambia. "Wewe mwenyewe umeandika ukutani."

"Kweli," akasema. "Lakini nyinyi mmezoea kusubiri."

Niliondoka. Nilitaka kumjibu jambo, na jibu zuri sana nililipata miaka kama ishirini baadaye nikiwa naoga.

Niliporudi kiwanjani nilimkuta Petro amekwisha kuja. Mama Veronika alikuwa amemwongoza kwa mkono toka hospitali, polepole, kama anayebeba maji ya kujaa. Alikaa kwenye kile kiti kimoja, macho yamefungwa, akisikiliza.

"Itakuja sasa hivi, na hakuna mtu redioni," akasema. "Kaa."

"Mimi?"

"Hapana, ng'ombe. Kaa, Masanja."

Nikavaa visikilizio. Rubani aliita Shinyanga, nikamjibu. Nikampa upepo, nikampa hali ya uwanja, kwamba upande wa kusini kuna tope.

"Nani huyu? Petro yuko wapi?"

Nikamweleza. Sikuomba chochote, nilieleza tu: chuma, jicho, sumaku, Dar es Salaam. Nikamaliza.

"Sawa," akasema. "Labda tutapata nafasi."

Ndege ilipotua waliteremka meneja wa mgodi, mkewe, na mbwa. Mbwa alikuwa mdogo, mweupe, mwenye nywele za kumfunika uso, na alikuwa na kiti chake. Nyuma kulikuwa na masanduku ya nguo na rundo la pembe: nyati, pofu, swala, zimefungwa kwa kamba na magunia. Meneja alikuwa amezipiga miaka yote aliyokaa Geita, na sasa zinakwenda kupamba ukuta huko kwao, wageni wajue alikuwa na shughuli.

Bwana Labda alizunguka ndege, akapima mafuta, akatazama mawingu ya mashariki, akanyoosha kidole kwenye mfuko wa upepo. Mfuko ulikuwa umejaa, umeelekeza mdomo huko huko tulikotaka kwenda.

"Upepo wa uso," akamwambia meneja. "Mafuta siwezi kupunguza hata kidogo. Lakini nataka kumchukua huyu mgonjwa. Kwa hiyo nitapunguza kitu kingine."

Meneja akauliza kitu gani. Rubani akatazama pembe. Meneja akasema hiyo ni ndege yake, ameilipia yeye. Rubani akasema labda ni kweli, ila yeye ndiye anayejua kuirusha. Walisemezana Kiingereza hapo kwa sauti iliyofanya ng'ombe wote waondoke wenyewe, jambo ambalo fimbo yangu haikuwahi kufanikisha.

Memsahibu, mke wa meneja, hakuwa kwenye ugomvi huo. Alikuwa amemkaribia Petro, anamtazama vile vitambaa. Akamwuliza Mama Veronika kwa Kiswahili, "Mume wako?"

"Ndiyo, mama."

"Watoto?"

"Wanne, na huyu," Mama Veronika akasema, akigusa tumbo.

Memsahibu akamgeukia mumewe. Aliyomwambia yalikuwa mafupi, na Bwana Labda mwenyewe alinitafsiria baadaye: Pembe zipande treni. Zimeshakufa, kusubiri hakuziumizi.

Meneja akaenda kuvuta sigara mbali na drumu za petroli. Angalau sheria hiyo aliijua.

Tulishusha pembe. Petro akapanda mizani, nikamshika bega asiyumbe. Rubani akatazama, akapiga hesabu, akasema viatu vivuliwe. Petro alivaa buti za jeshi alizorudi nazo toka Burma, nzito kama ng'ombe wawili. Tukazivua. Kisha rubani akasema lazima mtu mmoja amshike kichwa njia nzima, maana huko juu kuna mashimo kuliko barabara ya Kahama. Mama Veronika akapanda mizani bila kuambiwa. Rubani akatazama namba, zilikuwa zimezidi. Kisha akanitazama mimi, na mifupa yangu.

"Wewe," akasema.

Mama Veronika akateremka. "Maisha yangu yote watu wananisifia unene," akasema. "Leo ndiyo umeninyima kitu." Akafungua kitambaa, akanipa michembe, viazi vyetu vya kukaushwa. "Mpe akiamka na njaa. Na umshike vizuri. Ukimwangusha usirudi."

Ndivyo nilivyopanda ndege kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ya kuzifukuzia ng'ombe. Meneja alikuwa na kiti, memsahibu alikuwa na kiti, mbwa alikuwa na kiti. Petro alilazwa sakafuni juu ya blanketi, nami nikakaa sakafuni kichwa chake kiko mapajani mwangu, nimekishika kwa mikono miwili. Siwalaumu. Mbwa alifika kwanza.

Injini zikaunguruma, majani yakakimbia, na ardhi ikaondoka chini yetu bila kuaga.

"Tuko juu?" Petro akauliza.

"Tuko juu."

"Unaona nini?"

"Mawingu."

"Mawingu gani?"

"Ya kawaida."

"Masanja, umefumba macho?"

"Hapana, Baba Veronika."

"Muongo. Sauti yako imefumba. Mimi nina sababu. Wewe una sababu gani? Fumbua, unieleze. Nimewapandisha watu hivi vitu miaka yote, na siku yangu ikifika nimefungwa kama maiti. Fumbua."

Nikafumbua. Nikamweleza. Mbuga ya Wembere ilikuwa imejaa maji, inang'aa kama bati jipya. Nyumba zilikuwa ndogo kama vichuguu, na njia za ng'ombe zimechorwa kama mistari ya kiganja. Aliniuliza rangi, aliniuliza kama kivuli cha ndege kinaonekana. Kilionekana, kilikuwa kinatukimbilia chini kule, kikiruka vichaka. Baadaye nikamweleza maziwa ya Singida yenye magadi meupe kingoni. "Kama nini?" akauliza. "Kama povu la sabuni," nikasema. Alitabasamu. Kila nilipochoka kusema, vidole vyake vilinigonga gotini niendelee.

Upepo ulitupinga kweli kweli. Ndege iliunguruma mahali pamoja, kilima kimoja kikakaa dirishani muda mrefu mpaka nikakipa jina. Tulipotua Dodoma kuongeza petroli, zile saa nne za ukutani zilikuwa zinakaribia kwisha, na Dar es Salaam ilikuwa bado iko Dar es Salaam. Mbwa alitapika. Meneja alitapika. Mimi sikutapika kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na nilikumbuka niliambiwa nisirudi.

Baada ya Dodoma Petro alianza kuumwa. Uso wake ulitoka jasho, akauma meno. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akauliza swali lile.

"Masanja. Mwulize bado saa ngapi."

Nikapaza sauti hadi mbele. Bwana Labda aligeuka, akanyoosha mkono kuonyesha milima ya Uluguru iliyofunikwa na wingu jeusi kama sufuria.

"Tunazunguka! Labda kabla ya giza!"

Nikamwambia Petro. Mdomo ukaanza kumcheza, nikajua anataka kucheka, nikambana kichwa.

"Daktari alisema usicheke!"

"Sicheki," akasema. Na kweli hakuwa anacheka. Machozi yalikuwa yamelowesha kitambaa. "Unajua, miaka yote hiyo nawaambia watu, saa uliza upepo. Nilijiona hodari. Lile ni jibu la kishenzi, Masanja. Mtu akiuliza saa, haulizi saa."

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama atafika."

Memsahibu alikuwa ameteremka kwenye kiti chake, amepiga magoti pale sakafuni kwenye matapishi ya mbwa wake, akamshika Petro mkono. Hakujua tulichosema. Alikaa hivyo hadi tulipoiona bahari.

Tulitua mwanga ukiwa umebaki kidogo. Rubani alikuwa ameomba gari kwa redio, likawa linasubiri. Mtaalamu alikuwa mzee mnene mwenye mikono midogo, na sumaku yake ilikuwa kubwa kama kichwa cha cherehani. Alinitoa nje. Nilikaa barazani na michembe yangu, nikasikia saa ya ukutani, sikuitazama. Alipotoka alikuwa ameshika kisahani, ndani yake kuna kitu kama punje ya ulezi.

"Hiki ndicho," akasema. "Jicho tumelibakiza. Halitaona vizuri tena, ataona kama kupitia kioo kichafu. La pili ni zima na litabaki zima."

Nadhani nilisema wabeja, asante ya kwetu Usukumani, mara nyingi, na maskini mzee hakujua ni lugha gani.

Sasa, huko nyumbani. Haya niliyasikia baadaye kwa Mama Veronika, na nusu ya Shinyanga wakathibitisha.

Tulipoondoka, aliketi mbele ya kibanda chini ya ule ubao. Bwana Hesabu alifika, akakasirika kidogo kuhusu utaratibu, kisha akamwonyesha ubao kumtuliza: saa nne tu, mama, watakuwa wamefika. Saa nne zikapita. Giza likaingia, redio ikawa inaita. Dar es Salaam iliita Shinyanga, ikaita tena, iiambie kwamba tumefika salama. Lakini watu wawili pekee waliojua kuitikia redio ile walikuwa wote wamekwenda na ndege iliyokuwa inaelezwa habari zake. Bwana Hesabu alizungusha vitufe, akapata muziki wa mahali fulani, akapata mlio, kisha akapata kimya. Akatoka nje akiwa mweupe zaidi ya kawaida.

Mama Veronika alimtazama usoni. Kama ndege ni ya saa nne, na saa nne zimekwisha kitambo, na bwana aliyeandika saa nne amekosa la kusema, basi hesabu ilikuwa rahisi. Akavua kilemba akaanza kulia.

Kufikia asubuhi matanga yalikuwa yamekamilika. Watu wa Ushirombo walikuwa njiani na lori. Ng'ombe alikwishachinjwa. Padri alikuja. Bwana Hesabu mwenyewe alikuja kutoa pole, akaketi mkekani amekunja magoti, akasema marehemu alikuwa mtumishi mwaminifu. Walikuwa wanakula alipotokea stesheni masta kwa baiskeli, kwa sababu Dar es Salaam, baada ya kuchoka kuita, ilikuwa imetumia simu ya reli. Stesheni masta alisimama mlangoni akavua kofia. Alikuwa mtu wa adabu, hakujua aanzie wapi.

"Poleni na msiba," akasema. "Ila marehemu anaomba aletewe viatu vyake."

Petro alirudi kwa treni wiki kadhaa baadaye, nikiwa naye. Mama Veronika alikuwa stesheni na buti mkononi. Alimtazama jicho, akalitazama sana, kisha akampiga kibao cha bega kilichosikika hadi behewa la mwisho.

"Nimekuomboleza," akasema. "Watu wamekula ng'ombe wako."

"Yupi?"

"Wa madoa."

"Basi walinipenda," Petro akasema, na hapo wote wawili wakashindwa kujizuia, nami nikaenda kutafuta mizigo ambayo hatukuwa nayo.

Bwana Hesabu aliguswa. Alifuta saa nne akaandika saa saba. Ndege iliyofuata ilipata upepo wa mgongoni, ikafika mapema sana, na wenyeji wa kuipokea Dar es Salaam walikuwa bado nyumbani wanajipaka sabuni. Baada ya hapo akahamishiwa kwingine, akapunguziwa makaburi.

Petro hakulitumia tena lile jibu lake. Mtu akimwuliza saa, aliketi kando yake, akamweleza ataona nini njiani. Na aliweka sharti ambalo nyinyi mnalifuata hadi leo bila kujua lilitoka wapi, mkidhani limeandikwa na wazungu: ndege ikiondoka kwetu, hatufungi redio mpaka tusikie imetua kule iendako. Na kama kuna ndugu wa abiria anayesubiri nje, anaambiwa kabla ya bomani.

Miaka michache kabla ya uhuru, binti mmoja wa Ushirombo alipata nafasi ya kusomea uuguzi, serikali ikampandisha ndege ya Dar es Salaam. Mama yake alimsindikiza. Alikuwa mwanamke mwembamba, rozari shingoni, hajawahi kuona ndege ila ikipita juu mawinguni. Ilipopaa aliketi kwenye benchi, miguu pamoja. Hakuuliza saa ngapi. Kulikuwa na mvua upande wa Dodoma. Wafanyakazi wengine walikwenda kula, wakarudi. Mtu wa bomani alikuja kuuliza kwa nini redio bado inakula betri. Petro alimtazama kwa lile jicho bovu, yule mtu akaondoka.

Mwishowe Petro alivua visikilizio akatoka nje.

"Amefika, mama. Wametua sasa hivi."

Yule mama akafunga macho, midomo ikatembea kidogo. Akasimama, akakung'uta khanga, akabeba kikapu kichwani. Lori la pamba la kwenda upande wao lilikuwa limekwisha kuondoka bila yeye, na njia ya Ushirombo kwa miguu mwajua ilivyo, siku kadhaa za pori.

"Na wewe je?" Petro akamwuliza. "Nani atatuambia kama umefika?"

Alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mimi siruki, baba," akasema. "Mimi nafika tu."